Tanuru Halihamishwi

Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025. Asubuhi upepo mkavu ulivuma kutoka upande wa mto Naviundu, ukabeba vumbi jekundu na moshi wa majani yaliyochomwa mashambani, na jua likapanda likiwa na rangi ya shaba. Mvua ilikuwa bado mbali.

Delphine Mutale alikuwa amekwisha kutoa mikate ya kwanza. Kila siku, kabla ya kuwasha kuni, alifanya ishara ya msalaba mbele ya mdomo wa tanuru na kuomba maneno machache. Hakuomba mikate inunuliwe. Aliomba iive vizuri. Kuuza, alisema, ni kazi ya miguu, na miguu alikuwa nayo.

Tanuru hilo, ambalo kwetu linaitwa furu, lilisimama nyuma ya vyumba viwili alivyopanga. Delphine alipoingia katika parseli ile, yaani kiwanja chenye nyumba, mwanzoni mwa mwaka 2024, hatua chache kutoka hapo palikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa. Mwenye parseli, Papa Sylvain Kasonde, alikikuta alipokuwa mtoto, siku baba yake, mfanyakazi wa reli, aliponunua kiwanja. Mado, mke wa Sylvain, alikichukia kwa sababu ya nyoka. Delphine aliomba ruhusa ya kukibomoa na Sylvain akacheka sana, akisema kwamba wanaume watatu walikwisha kujaribu na jembe likawashinda, kisha akamwachia ajaribu.

Kiangazi kilipofika, Delphine na fundi mmoja walikichimba kile kichuguu mpaka chini. Udongo wake waliuponda, wakaulowesha, wakaufyatua matofali, na matofali yakawa tanuru. Huku kwetu hakuna asiyejua kwamba udongo wa kichuguu hauogopi moto. Mahali kilipokuwa kimesimama pakabaki wazi, na Sylvain alianza kujenga hapo chumba cha nyuma. Kuta zilifika juu, kisha ujenzi ukasimama. Chumba kikakaa bila paa, kuku wakawa wanalala humo.

Asubuhi hiyo ya Septemba, Sylvain alikuja mpaka kwenye mlango wa Delphine, mikono nyuma.

“Yambo, mama Delphine.”

“Yambo sana, papa Sylvain. Kamata mukate, ingali moto.”

Sylvain alikamata mkate. Aliumega, akala nusu, akasifu chumvi yake. Kisha akasema:

“Nyumba imepanda.”

“Imepanda wapi? Mi naiona paka pale pale,” Delphine alisema, na “paka” kwetu maana yake ni “tu”.

“Bei, mama. Bei njo imepanda. Kuanzia mwezi huu.”

“Juu ya nini?”

“Batu ba mine, bale ba mugodi, banatafuta manyumba huku yote. Jirani amepandisha, yule wa kona amepandisha. Na weye uko na furu. Kila asubuhi feza inatoka mu parseli yangu, mi napata paka moshi.”

“Furu mi njo nilijenga, papa.”

“Na udongo ya nani?”

“Na mikono ya nani?”

“Udongo ilikuwa hapa mbele ya mikono.”

“Basi ungeiambia ijijenge yenyewe.”

Mado, aliyekuwa akipepeta unga upande wa pili wa uwanja, alicheka kwa sauti, kisha akakumbuka kwamba aliyechekwa ni mume wake, akanyamaza. Sylvain alitaja bei mpya. Aliitaja mara moja tu, akiangalia paa, akaenda zake na nusu ya mkate.

Delphine alibaki amesimama. Alikuwa mjane, na mikate ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake Keren, aliyekuwa bado anasoma shule. Alipima jambo lile kama anavyopima unga. Mtu anaweza kuhama nyumba, akabeba kitanda, masufuria na picha za ukutani. Tanuru halihamishwi. Ukilibomoa unabaki na rundo la udongo. Na bei ile mpya ingemeza kila alichopata. Akibaki, ataoka bure. Akiondoka, hataoka.

Mkataba wao ulikuwa wa miaka mitatu, umetiwa sahihi na wote wawili, kila mmoja na nakala yake. Ulikuwa umebakiza zaidi ya mwaka mmoja. Jambo hilo Delphine alilijua na Sylvain alilijua. Lakini kwetu watu wanautunza mkataba kama wanavyotunza cheti cha ubatizo: uko ndani ya sanduku, unaheshimiwa, na hakuna anayeutoa ili ausome.

Mwisho wa mwezi, Delphine alipeleka kodi ya zamani. Sylvain hakuigusa.

“Hii ni loyer ya zamani, mama.”

“Njo ile tulipatana.”

“Basi rudisha. Siku itakuwa yote, utaileta.”

Alirudi nayo. Siku iliyofuata aliwaeleza jambo hilo wanawake wanaouza naye sokoni, na wote walimpa shauri moja, kila mmoja kwa kelele zake. Asilipe tena. Amekataa mwenyewe? Basi Delphine ale garanti.

Kwa msomaji asiyekaa mji huu, nieleze. Mpangaji anapoingia katika nyumba, anamwachia mwenye nyumba garanti, yaani malipo ya miezi kadhaa yanayowekwa mpaka siku ya kuondoka. Kwa sababu wenye nyumba wengi huwa wameitumia zamani, wapangaji wamejizoeza desturi yao. Anayejiandaa kuhama anaacha kulipa na kukaa kimya, akiishi juu ya garanti mpaka imalizike, kisha anaita mkokoteni. Hasemi kitu. Hakuna anayesubiri aseme. Mwenye nyumba akiona mwezi umepita bila malipo, anaanza kumtafuta mpangaji mwingine, wala hakuna anayemlaumu.

Delphine hakutaka kuhama hata kidogo. Alidhani kwamba, kwa kuwa kodi yake imekataliwa, garanti itasimama mahali pake mpaka hasira ya Sylvain ipoe. Sylvain aliona mwezi umepita, kisha wa pili umeingia, na mpangaji kimya. Akasoma alama kama alivyozoea kuisoma. Hakwenda kumuuliza. Naye Delphine hakwenda kumweleza.

Kila Jumatano jioni walikutana katika sala ya shirika letu, ile jumuiya ndogo ya wakristo wa avenyu, tunayoifanya nyumba kwa nyumba. Walikaa mabenchi mawili tofauti. Ilipofika Baba Yetu, wote wawili walitamka kwa sauti kubwa maneno ya kusameheana, macho yao yakiwa sakafuni. Wakati wa kupeana amani, Sylvain alikuwa na kikohozi na Delphine alikuwa anafunga kitambaa chake upya. Wengine tuliona. Tulimwomba Mungu aliangalie jambo hilo, tukaenda kulala, jambo ambalo ni rahisi kuliko kusimama na kuuliza.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Novemba. Asubuhi moja ilikuwa ikianguka kwa nguvu, mifereji imejaa, na moshi wa tanuru ulikataa kupanda, ukatambaa chini uwanjani. Ndipo mkokoteni ulipoingia ndani ya parseli. Juu yake kulikuwa na godoro lililofunikwa na turubai, meza iliyopinduliwa miguu juu, ndoo, na sanduku la vyombo vya useremala. Aliyeusukuma alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, amelowa mpaka kwenye mifupa.

“Hodi, mama. Nalomba musamaha, nimefika mbele ya saa.”

“Karibu. Unaomba mikate ngapi?”

“Mikate hapana, mama. Miye Abdoul. Miye njo locataire wa mupya.”

“Mupya wa wapi?”

“Wa hapa. Mu vyumba hivi mbili. Papa Sylvain aliniambia mama mwenye kukaa humu iko anahama.”

Delphine alishika koleo lake la mbao, lile la kuingizia mikate, akalisimamisha kama askari na bunduki.

“Mi nihame? Nihame na furu ku kichwa?”

Abdoul aliangalia tanuru. Aliangalia moto ndani yake, na mikate iliyopangwa kwenye mbao, na paa la vyumba. Alikuwa mtu wa adabu, mtoto wa watu wa Maniema, na babu yake alikuwa na duka la vitambaa katika mji huu.

“Mama, kweli, mutu mwenye kuhama hapikake mikate mingi hivi.”

“Umeona weye mwenyewe.”

“Lakini mi nimekwisha kutoa garanti.”

“Kwa nani?”

“Kwa papa Sylvain. Yote. Na bibi yangu Najma eko kwa mama yake, ananingojea nimuite. Mimba yake imekuwa kubwa.”

Hapo Delphine aliteremsha koleo. Mvua ilikuwa inapiga godoro la mtu. Alimsaidia kusukuma mkokoteni mpaka chini ya banda la tanuru, mahali pakavu, na godoro wakaliegemeza upande wenye joto. Alimpa mkate na chai. Abdoul alisema bismillahi, akala, na alipomaliza alisema kwamba hajawahi kufukuzwa vizuri namna hiyo.

“Sijakufukuza,” Delphine akamjibu. “Mi nimekataa paka kufukuzwa.”

Sylvain alitoka na mwavuli wa Mado. Alipowaona wote wawili wamekaa mbele ya moto mmoja, alipunguza mwendo.

“Papa Sylvain,” Abdoul alisema, akisimama. “Nyumba iko na mutu.”

“Anahama. Ni miezi anakula garanti.”

“Mi?” Delphine alisema. “Weye njo ulikataa loyer yangu. Niliileta mukononi!”

“Uliileta nusu.”

“Niliileta sawa vile kontra inasema.”

“Na kisha ulinyamaza. Mutu akinyamaza hivi, anahama. Mutoto mudogo anayua ile.”

“Ungeniuliza, papa. Ni hatua ngapi toka kwako mpaka kwangu? Mukate unayua kuufuata.”

“Batu bangu,” Abdoul alisema, “mugombane, mi nasikia. Paka muniambie neno moja. Papa, nirudishie garanti, nisukume pusipusi yangu, niende.”

Sylvain alifunga mwavuli ingawa mvua haikuwa imekatika. Akageuka, akaelekeza kidevu upande wa chumba cha nyuma. Ndani ya kuta zile, badala ya kuku, kulikuwa na mabati mapya, mbao na mifuko ya saruji chini ya plastiki.

“Garanti yako njo ile,” alisema.

Walisimama watatu wakiangalia mabati. Hakuna aliyetukana. Mado ndiye aliyesema, kutoka mlangoni, kwamba kama wanaume wanataka kuangalia mabati wayaangalie, lakini yeye anakwenda komini, kwenye ofisi ya makazi, kumwomba mtu anayejua sheria, maana shirika limesali vya kutosha na sasa Mungu anangoja miguu. Alikwenda kweli, katika mvua ile, bila mwavuli.

Ofisa aliyetumwa aliitwa Chancelvie Kapya. Alikuja Jumamosi iliyofuata, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, tanuru lisingeweza kupelekwa ofisini. Alivaa buti za mpira na alikuwa na mafua. Aliwaomba majirani wawili au watatu wakae kama mashahidi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na ndiyo sababu naweza kuandika maneno haya. Tulikaa chini ya banda la tanuru. Delphine alikuwa ameuzima moto siku hiyo, na pahali pale palionekana pageni, kama kanisa siku ya kazi.

Chancelvie alidai nakala za mkataba. Zilitolewa masandukuni, zote mbili zikiwa na mikunjo ile ile ya siku ya kwanza. Alisoma pole pole, akapenga kamasi, akamwangalia Sylvain.

“Papa, hapa mumeandika miaka mitatu na bei moja. Ni sahihi yako?”

“Yangu.”

“Basi bei inakaa mpaka miaka ile ikwishe. Weye peke yako hauwezi kuigeuza katikati. Mungepatana wote wawili, ingekuwa sawa. Mulipatana?”

“Nilimwambia.”

“Kuambia si kupatana. Unaweza kuniambia mi ni bibi yako.”

Mado alicheka tena, na safari hii hakunyamaza.

“Na miaka ikwishe?” Sylvain aliuliza. “Nikae paka na bei ya zamani mpaka nife? Saruji inapanda, mi sina pensheni, ile inanihusu miye peke yangu?”

Swali lilikuwa la haki, na Chancelvie alilijibu bila mzaha. Alisema mwenye nyumba si mwizi kwa kutaka bei ipande. Mkataba unapokaribia kwisha, amwandikie mpangaji mapema, aseme bei anayotaka kwa mkataba mpya, na mwenzake apate muda wa kukubali, kubishana, au kutafuta kwingine. Wakishindwana, waje ofisini kabla ya kurushiana vyombo nje. Lakini kupandisha mlangoni, kuanzia mwezi huo huo, mtu akiwa na mkate mdomoni, hiyo haifai.

Delphine aliinua kichwa. Chancelvie alimgeukia.

“Na weye, mama. Garanti si loyer. Garanti inalinda nyumba, inarudishwa mwisho. Alikataa feza yako? Ungeileta kwetu tuandike kama amekataa, ao ungeita mashahidi. Ulinyamaza. Sasa una deni la miezi hiyo, kwa bei ya zamani.”

“Iko mu nyumba,” Delphine alisema. “Sikuikula.” Alisimama, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Aliiweka juu ya ubao wa mikate, mbele ya Sylvain. Nilidhani ataikataa tena. Kisha akaivuta kwake, akasema asante kwa sauti ndogo, ile sauti anayoitumia kanisani wakati wa komunyo.

Akabaki Abdoul. Wote tulimgeukia, na mimi niliomba moyoni, kwa maana yeye peke yake hakuwa amemkosea mtu, na yeye peke yake hakuwa na nyumba. Godoro lake lilikuwa bado limeegemea tanuru. Yeye alikuwa amelala juma lote kwa rafiki yake, katika mtaa wa Katuba, na kila asubuhi alipanda basi kuja kuuliza habari.

Abdoul alisimama, akaingia ndani ya kile chumba kisicho na paa. Tulimwona akipima kwa macho, akagonga ukuta mmoja kwa kifundo cha kidole, akahesabu mbao. Alirudi, mikono ina vumbi.

“Papa Sylvain. Mabati ni yangu?”

“Feza ilikuwa yako.”

“Mi niko serumala. Nipe siku kidogo, nafunika paa mi mwenyewe, natia mulango na dirisha. Naingia humo na Najma. Garanti inabaki garanti, na ile kazi yangu tutaikata ku loyer.”

Sylvain aliruka kama mtu aliyefunguliwa kamba. “Ni vile! Ni vile kabisa! Ofisa, andika!”

“Ngojea,” Abdoul alisema. “Sijamaliza. Huyu mama alikuta kichuguu, akatengeneza furu. Kisha ulimwambia, kwa sababu kuko furu, bei ipande. Mi nimekuta kuta na kuku. Nikitengeneza nyumba nzuri, dirisha nzuri, utakuja mulangoni kwangu kuniambia nini?”

Chancelvie alishusha kalamu. Sylvain alirudi kukaa juu ya kigogo kilichokuwa nyuma yake, mzee wa miaka sitini na zaidi, na uso wake ukafanya kama unataka kukasirika, ukakosa pa kuanzia. Aliangalia chumba. Nadhani hapo ndipo alipoona kwamba chumba chake kilikuwa kinasimama mahali ambapo, maisha yake yote, palikuwa na kichuguu.

“Pale wanaume watatu walishindwa,” alisema, bila kumwambia mtu.

“Bane,” Mado alisema, akiinua vidole vinne. “Na weye ulikuwa wa ine.”

Chancelvie alikwisha kuandika. Aliwapa karatasi, wakatia sahihi, Sylvain na Delphine kwanza, kisha Sylvain na Abdoul. Lakini Abdoul hakurudi kukaa. Alisema kwao neno la karatasi ni zuri, na neno la mdomo mbele ya watu ni zuri zaidi, na kwamba anaomba alisikie. Delphine alisema yeye pia anaomba. Sylvain alivua kofia yake. Mvua ilianza upya, nyepesi, juu ya bati la banda, na ilimbidi apandishe sauti alipotoa ahadi yake.

“Mi, Sylvain Kasonde, nalaya mbele ya Mungu na mbele yenu bote muko hapa. Bei ya mama Delphine haitapanda mbele kontra ikwishe. Ya Abdoul vile vile. Siku nitataka kupandisha, nitaandika mbele ya wakati, na nitakuja kuongea nikiwa sina mukate mukononi. Na kintu chenye mupangaji amejenga na mikono yake, furu ao paa, sitamulipisha juu yake hata siku moja. Mumesikia?”

“Tumesikia,” tulisema.